Mitungi Miwili ya Shangazi Attoma

Mpendwa Sitti Buthaina,

Salamu nyingi kutoka Atbara, na baada ya salamu naomba unisaidie kwenye ukurasa wako wa gazeti, maana nimeshauliza kila mtu na kila mtu amenijibu la kwake, na harusi yangu ni baada ya Iddi, na hapa ninapokuandikia nimewekwa ndani kama desturi, sitoki, sioni jua, kazi yangu ni kusingwa asubuhi na kukaa kwenye moshi wa kuni za manukato jioni, kwa hiyo nina wakati mwingi wa kuwaza na mawazo yenyewe yote ni kuhusu shingo yangu.

Nina kovu, Sitti Buthaina. Linaanza chini ya sikio la kulia, linateremka shingoni na kupita juu ya mtulinga, na si kovu la kulala, ni kovu la kusimama: limenenepa, linang'aa, mahali pengine lina unene wa kidole changu kidogo. Kila baada ya miaka michache naona limesogea kuelekea kifuani, mahali ambapo watu wote wanasema hapakuguswa na mafuta siku ile, na tangu nianze kukaa kwenye moshi linawasha mpaka naamka nimejikuna usingizini. Nimeishi nalo, nimesoma nalo, nafundisha darasa la pili nalo, na watoto wa darasa langu wakinichora hunichora na kovu langu bila kuona ajabu yoyote. Kwa hiyo usidhani nakulilia uzuri. Ninachokulilia ni kingine, na sijui nianzie wapi, acha nianzie mwanzo.

Nilikuwa na miaka mitatu. Mama alikwenda msibani Ad-Damir akaniacha na shangazi yangu Attoma, dada wa baba, ambaye wakati huo alikuwa bado hajaolewa na alikuwa akikaa kwetu. Alikuwa anakaanga kaimati za chai ya alasiri, mimi nikawa namfukuza mwanambuzi, mwanambuzi akaingia jikoni nami nikaingia naye, na karai la mafuta likapinduka. Mimi sikumbuki chochote, nimehadithiwa, na kila anayehadithia akifika mahali fulani hutikisa kichwa: badala ya kufanya kama watu wanavyofanya, shangazi alinichania gauni langu la kola, akanibeba mpaka kwenye mitungi miwili ya maji ya kunywa iliyokuwa kivulini, akaanza kunimwagia kata baada ya kata, shingoni, mgongoni, mkononi, bila kukoma. Jirani mmoja akaja na dawa ya meno, mwingine akaja na unga wa buni, wa tatu akaja na mayai, wote wakimpigia kelele kwamba ataniua kwa baridi ya kifua, naye akawaambia maneno ambayo mtaa wetu haujayasahau mpaka leo: "Atakayemgusa mtoto huyu na kitu kisicho maji, nitamng'ata." Mitungi ilipokwisha alimtuma mtu bombani, akaendelea kumwaga mpaka baba alipofika na baiskeli kutoka karakana ya reli na gari la kunipeleka hospitali likapatikana. Ndiyo maana mpaka leo wanamwita Attoma Meno.

Mama aliporudi alinikuta hospitalini nimefungwa bendeji. Sitaki umfikirie vibaya mama yangu, alilala sakafuni kando ya kitanda changu mpaka nilipotoka, na watu wanasema alikonda kuliko mimi niliyeungua. Mgongo na mkono vilipona upesi na leo havina hata alama, lakini shingo ilikawia, ikakawia, ikapona, kisha ikaanza kupanda, na hapo ndipo akatafutwa wa kulaumiwa akapatikana. Wakasema ni maji. Kwamba maji ya mtungi yaliingia chini ya ngozi, yakakosa pa kutokea, na ndiyo hayo yaliyovimba. Mama huwaambia wageni, "Angempaka buni kama watu wenye akili, lingekauka." Baba akiulizwa husimama akaenda kutazama kama baiskeli yake ina upepo.

Tangu hapo shangazi hakupewa tena mtoto wa kushika. Kwenye siku za kutoa jina mtoto hupitishwa mkono kwa mkono na akimkaribia yeye hurukwa, kwa hiyo siku hizi huinuka kwenda kuosha vikombe kabla hajarukwa. Aliolewa, hakuzaa. Hajawahi kujitetea hata mara moja, nami nimekua nikimsikia akicheka utani wa meno pamoja na wanaomtania.

Lakini mimi alinipenda, na alinipenda kwa kujiiba. Mama akitoka alikuwa anakuja kunisuka nywele, na kabla ya kusuka alikuwa akinisugua shingo kwa mafuta ya ufuta ya vuguvugu, taratibu, mpaka nasinzia. Kisha tulikuwa na mchezo wetu. Alikuwa ananiuliza, "Njiwa yuko wapi?" nami lazima ninyanyue kidevu juu kabisa na kugeukia bega la kushoto kumtafuta njiwa juu ya paa, na haikutosha kumwona mara moja, husema ameruka, mtafute tena, na tena, na nikichoka ananipa tende. Mama alikuwa akisema wifi yake amepungukiwa, mtu mzima kutafuta njiwa kila siku ya Mungu. Nilipokuwa mkubwa nilimuuliza shangazi kwa nini njiwa wetu walikaa kushoto tu. Akasema, "Wa kulia wanakuogopa." Mpaka leo nikikaa karibu naye mkono wake hujikuta uko shingoni kwangu.

Sasa imekuja harusi na kila mtu ana dawa. Mama mkwe wangu mtarajiwa, Hajja Kaltum, mtu mwema sana, amempata mtu wa kliniki fulani huko Khartoum anayesema kovu lote atalikata asubuhi na mchana nirudi nyumbani, na Hajja anataka twende upesi ili siku nitakapocheza mbele ya wanawake shingo iwe safi. Ikhlas, anayenisinga na kunipaka hina, anasema hakuna haja ya kisu, yeye atanichorea maua ya piko kuanzia sikioni mpaka kifuani na hakuna atakayejua kuna nini chini yake. Mama anapenda kisu, ingawa yeye mwenyewe visu havikumsaidia: alipotoboa masikio akiwa msichana, la kushoto lilitoka uvimbe kama korosho, ukakatwa, ukarudi kama tende, ukakatwa tena, ukarudi tena, na sasa huvaa herini moja na sikio la pili analificha ndani ya tobu anayojitanda. Anasema ule ulikuwa uchafu wa sindano, si kitu kimoja na changu. Na mchumba wangu Muzammil nilipomuuliza kwa simu alijibu kwamba yeye hakuposa shingo, na kwamba kovu lina faida ya kumwezesha kunipata haraka sokoni siku za Iddi.

Haya yote ningeyameza. Lililonikwama ni la jirtig. Unajua siku hiyo, mimi na Muzammil tukikalishwa juu ya kitanda chenye shuka jekundu, mwanamke mzima wa ukoo ndiye hutufunga hariri nyekundu mkononi ili mabaya yapite mbali nasi, na watu huchagua mwenye mkono mwema. Nilisema nataka anifunge shangazi Attoma. Mama aliweka kikombe chini.

"Mkono ule umeshakuandika mara moja," alisema. "Hautakuandika mara ya pili."

"Mama, alikuwa ananisaidia."

"Na msaada wake unao shingoni."

Shangazi alikuwa uani na dirisha lilikuwa wazi. Alipoleta chai alisema kwa utani wake uleule kwamba hariri yeye haijui, anajua kufunga magunia tu, tumtafute mwingine. Akacheka. Lakini siku hiyo aliondoka bila kunigusa shingo, Sitti Buthaina, na tangu siku hiyo hajaja tena, anatuma salamu kwa watu.

Moyo wangu umejaa shukrani kwa mwanamke huyu na sijawahi kumwambia, kwa sababu sijui hasa ninachomshukuru. Je, ni kweli ni maji? Kama ni maji niambie, nitampenda vilevile lakini nitanyamaza, nitakubali hariri ifungwe na mwingine, kwa maana sitaki kumwonea mama yangu siku ya harusi yangu. Kama si maji, basi niambie ni nini, kwa maneno ninayoweza kumsomea mama bila yeye kuondoka katikati. Na kisu nacho, niende au nisiende? Majina tafadhali yabadilishe, ingawa mtaa wetu mzima utajua tu.

Ni mimi,
Mwenye Shingo, Atbara

*

SITTI BUTHAINA ANAJIBU

Mwenye Shingo, mwanangu,

Si maji. Nimelitanguliza hilo ili mama yako akikunyang'anya gazeti awe ameshalisoma.

Majina nimeyabadilisha, na barua yako nilimsomea daktari wa ngozi ninayemwamini, mtu mwenye subira kuliko mimi. Nilipofika kwenye dawa ya meno na mayai alifumba macho. Nilipofika kwenye mitungi aliniomba nirudie, kisha akauliza, "Huyo mama bado yu hai?" Nikamwambia yu hai, anaosha vikombe. Akasema, "Mpe salamu zangu. Mwambie nina hamu ya kumpa mkono." Hajakuona kwa macho, kwa hiyo la mwisho atalisema daktari atakayekushika shingo, lakini haya ninayokuandikia amenihakikishia.

Sasa umsomee mama polepole. Moto wa mafuta hauishi pale mafuta yanapodondoka. Joto linaendelea kuzama ndani ya ngozi, tabaka kwa tabaka, na kinachoweza kulizuia ni maji ya baridi ya kawaida, yamwagwe mapema na yamwagwe kwa muda mrefu. Si barafu, si buni, si dawa ya meno, ambayo Mungu aliyaumbia meno. Ngozi ikiungua juu juu hujirudisha yenyewe na haiachi kitu. Ikiungua mpaka chini, mwili hauwezi tena kuisuka ngozi ile ya mwanzo, huziba pengo kwa nyuzi ngumu za haraka haraka, na kiraka hicho ndicho tunachokiita kovu. Kwa watu wengi kiraka hukaa kigumu miezi kadhaa, kisha hulainika na kulala. Lakini wako ambao miili yao haijui kuacha. Ni kama fundi aliyemaliza ukuta wako, akaendelea kupiga lipu mpaka kwa jirani. Kovu la namna hiyo hupanda, huwasha, na huvuka mpaka wa kidonda, kama lako linavyotambaa kifuani ambako mafuta hayakufika. Hupenda vidonda vilivyochelewa kufunga, na hupenda kifua, mabega, shingo na masikio.

Na maji je? Muulize mama yako swali moja tu: shangazi alikumwagia shingoni peke yake, au mgongoni na mkononi pia? Umeandika mwenyewe kwamba mgongo na mkono havina alama. Ni maji yaleyale, ya mitungi ileile, kwa kata ileile. Kama maji yangekuwa yanaingia chini ya ngozi yakavimba, leo ungekuwa na nundu kama ngamia. Shingoni labda mafuta yalinaswa na ile kola, yakawa yameshazama kabla maji hayajafika. Kwingine kote maji yaliwahi. Huo mgongo laini anaousinga Ikhlas kila asubuhi umepewa na Attoma, na hujawahi kuuona kwa sababu uko nyuma yako.

Tuje kwenye sikio. Umeliandika kama jambo la kupita, nami nilipolifikia nilivua miwani. Tundu la sindano linaota korosho, korosho inakatwa, inarudi tende. Mwanangu, hakuna aliyelimwagia sikio lile maji ya mtungi. Tabia hii ya ngozi mara nyingi hutembea kwenye damu, na daktari anaona umeirithi kwa mama yako kama watu wanavyorithi pua. Mtoto mwingine angeungua vilevile, akapona akabaki na kovu la kulala.

Hili nalisema taratibu, kwa sababu najua linakwenda kumfikia nani. Mama, kama unasoma, kaa chini kidogo. Uliondoka umeacha mtoto mzima, ukarudi ukakuta bendeji, na hukuwepo. Ulihitaji mtu wa kumkasirikia na wifi alikuwa karibu. Wifi huwa karibu siku zote, mimi mwenyewe ninao watatu na wote wamebeba mizigo yangu. Lakini sasa umejua. Nawe Mwenye Shingo, lawama utakayoiondoa kwa shangazi usimtwike mama yako, maana hakuna anayechagua ngozi atakayomwachia mwanawe. Kama lazima apatikane mkosaji, basi ni yule mwanambuzi, na nadhani alishaliwa zamani.

Halafu njiwa. Daktari alipolisikia la njiwa aliniuliza tena kovu liko upande gani. Kovu la moto shingoni lina ubaya kuliko huo wa sura: hujikunja. Likiachwa huvuta kidevu kuelekea begani, mwaka baada ya mwaka, mpaka mtoto anashindwa kutazama juu. Dawa yake ni kulisugua kwa mafuta na kulinyoosha kila siku, kwa kugeuza shingo upande wa pili, na hakuna mtoto wa miaka mitatu anayekubali jambo hilo kwa hiari. Kovu lako liko kulia. Njiwa walikaa kushoto. Bila shaka kuna mtu hospitalini aliyemwonyesha, na kwa kuwa nyumbani kwenu hakuaminiwa tena kukushika, alikutibu kwa mchezo, akakubali kuitwa aliyepungukiwa. Hebu nyanyua kidevu sasa hivi unaposoma, ugeuke kushoto. Umeweza? Basi hicho ndicho unachomshukuru.

Nimemaliza upole, sasa ugomvi. Wewe ni mwalimu, unafundisha watoto wa watu, na unakaa kuuliza kama ukate ilhali ushahidi umevaa herini moja humo ndani ya nyumba? Kovu la namna hii likikatwa peke yake, mwili huona kidonda kipya na huanza kazi upya kwa bidii zaidi. Huyo anayekuahidi kukata asubuhi na kukurudisha mchana hajakwambia habari za mwaka unaofuata. Mwambie Hajja Kaltum, kwa adabu zote, kwamba umemshukuru na huendi. Ikhlas naye aweke piko lake mkobani. Hina ni majani, jipake miguu na mikono mpaka uridhike. Piko ni rangi ya nywele, huwachoma wengi, na ngozi yako ikipata mchubuko tu inajenga ghorofa. Nimewaona maharusi waliobaki na maua hayo yamevimba mikononi miaka mingi baada ya ndoa. Singo isiguse kovu. Moshi kaa ukitaka, mimi si mvunja mila, lakini shingo ifunike kwa kitambaa kilicholowa, kwa sababu joto na ukavu ndivyo vinavyolitia wazimu. Likiwasha lipake mafuta ya ufuta, unajua pa kuyapata.

Harusi ikipita, nenda kwa daktari aliyesomea ngozi. Matibabu yapo. Iko sindano inayochomwa ndani ya kovu lenyewe, hurudiwa kila baada ya wiki kadhaa kwa miezi, inauma, sitakudanganya, lakini kwa wengi hupunguza unene na kutuliza muwasho. Iko plasta laini ya silikoni ya kubandika juu, ingawa hiyo husaidia zaidi kovu likiwa changa. Ikibidi kukata, daktari anayejua kazi atakata na kufuatisha matibabu mengine palepale, kisha hatakuacha, atakutazama muda mrefu. Ukishika mimba mwambie kabla hajakuchoma sindano. Wala usitegemee kupata shingo ya mtoto mchanga. Tegemea kovu lililolala, lisilokuamsha, ambalo huenda likaacha rangi tofauti kidogo. Ukijaliwa binti, usikimbilie kumtoboa masikio. Muzammil amenipendeza, mtunze.

Linabaki la hariri. Usimtumie shangazi salamu kwa watu kama anavyokutumia, mtazeeka mkipelekeana salamu. Wewe uko ndani huruhusiwi kutoka, kwa hiyo atakayetoka ni mama yako. Msomee haya mkiwa wawili tu, ukimaliza mwache alie, usimharakishe. Kisha mwombe aende mwenyewe nyumbani kwa wifi yake na sinia la hariri na manukato mkononi. Asitoe maelezo marefu, maelezo humrudisha mtu nyuma. Aseme tu, "Attoma, mtoto anakungoja umfunge." Akikataa, mpe gazeti baba yako, mwambie Sitti Buthaina amesema baiskeli ina upepo wa kutosha.

Na siku yenyewe, wanawake wakishajaa na ngoma imenyamaza, usijifunike shingo. Shangazi akiinama kukufunga atatafuta utani wa kujifichia. Usimshukuru kwa maneno mengi mbele za watu, atakimbilia vikombe. Muulize tu, kwa sauti ambayo mama yako ataisikia, njiwa yuko wapi. Halafu nyanyua kidevu na ugeuke kushoto, mpaka mwisho kabisa, wakuone wote.